Kibali kilitoka, kisima hakikuonekana

Shangazi yangu ana kisima. Kiko uani mwa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, na kilichimbwa kabla mimi sijazaliwa. Mtaa wenyewe sitautaja kwa kuwa maneno baina ya majirani hayajaisha, ila ni hapa hapa Pwani, na wengi mnaosoma mna mtaa kama huo. Mwaka jana jirani yake alianza kujenga jumba la orofa sita. Siku mafundi walipochimba shimo la maji taka, shangazi alihesabu hatua kutoka ukingo wa shimo hadi kisimani. Hazikufika kumi na mbili.

Alinipigia simu, maana katika ukoo mimi ndiye ninayekula kwa kuchora ramani za nyumba. Hata salamu hatukuzimaliza.

"Mwanangu," akaniuliza, "hao waliotoa kibali walikuja lini kukiona kisima changu?"

Nilijua hawakuja, lakini sikutaka kumjibu kabla ya kuiona faili. Nilipoiona, ilikuwa safi kabisa. Michoro ya msanifu ipo, ya mhandisi ipo, ada imelipwa kwa simu, na kila ukurasa una muhuri wa kielektroniki. Ombi lilitumwa kwa mtandao, likapita kwa kila afisa kwa mtandao, na jibu likarudi kwa mtandao. Hakuna karani aliyepoteza karatasi wala aliyeomba chai. Na katika ule mchoro mdogo unaoonyesha ploti na majirani zake, pale penye nyumba ya shangazi, miembe miwili na kisima, palikuwa peupe.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila kiongozi akipanda jukwaani siku hizi husema vibali vya ujenzi vimeingia dijitali. Ni kweli, na ni jambo jema. Nairobi ilianza kupokea michoro kwa mtandao mwaka 2011, na kaunti nyingine zikafuata. Aliyewahi kuzunguka na furushi la michoro kutoka meza hii hadi ile, akiambiwa mkubwa ametoka arudi Alhamisi, hawezi kutamani siku zile. Lakini tulichokiingiza dijitali ni safari ya karatasi. Karatasi yenyewe bado ni karatasi, ila sasa inatazamwa kwenye kioo.

Michoro mingi hutumwa kama PDF, na PDF ni picha. Mtu akiitazama anaona ukuta, dirisha na ngazi. Kompyuta inaona mistari myeusi juu ya weupe. Haiwezi kukwambia chumba cha tatu hakina dirisha, kwa sababu haijui kwamba hicho ni chumba. Kwa hiyo afisa bado anafungua kurasa moja moja, anapima kwa jicho na rula, na akiwa na mafaili arobaini mbele yake jioni ya Ijumaa, mnajua wenyewe atapima vipi.

Programu ambazo wasanifu wengi wanazitumia sasa zinafanya kazi kwa namna nyingine. Huchori mstari, unasimamisha ukuta. Ukuta huo unajua kwamba ni ukuta: unene wake, urefu wake, umejengwa kwa jiwe gani, na unatenganisha vyumba vipi. Mlango unajua upana wake na uko kwenye ukuta upi. Ngazi inajua ina vipandio vingapi. Kitu hiki huitwa modeli ya jengo, na kuna muundo wa wazi wa kuihifadhi, unaoitwa IFC, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa kwa nambari ISO 16739, ili modeli iliyotengenezwa kwa programu ya kampuni moja isomeke na programu ya kampuni nyingine. Ukiiuliza modeli ni vyumba vingapi vya kulala havina dirisha, au ni korido ipi ni nyembamba kuliko inavyotakiwa watu wakikimbia moto, itakujibu.

Tatizo ni kwamba modeli ni kama yatima. Inajijua yenyewe, haijui iko wapi. Msanifu huianza kwenye sifuri, hewani, mahali pasipo na jirani wala barabara. Na ukitafakari, nusu nzima ya maswali ya kibali ni ya mahali. Jengo liko umbali gani na mpaka? Na mto? Na alama ya maji kujaa? Bomba la maji taka la mji linafika hapo, au kila mtu ana shimo lake? Je, urefu wake utaingilia njia ya ndege zinazotua Moi International? Je, liko ndani ya Mji wa Kale, ambako Makumbusho ya Taifa yana neno? Majibu ya maswali hayo hayamo kwenye jengo, yamo kwenye ramani. Nayo ramani ya kidijitali huwa na tabaka tabaka: tabaka la mipaka ya ploti, la barabara, la mabomba, la miinuko, la maeneo yanayofurika, la majengo yaliyopo.

Kibali ndipo mahali ambapo vitu viwili hivi vinatakiwa kukutana, modeli ya jengo na ramani ya ardhi, vikalaliana sawasawa, ndipo mtu aulize swali. Hiyo ndiyo dijitali ninayoisema mimi.

Kulaliana huko ni kugumu kuliko kunavyosikika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na kijana hodari kazini, akachukua vipimo vya nyumba moja ya ufuoni kwa GPS, akaziweka nambari zake juu ya ramani ya savei. Nyumba ikahamia kusini karibu mita 300 na mashariki kidogo. Tukaikuta baharini. Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Savei nyingi za Kenya zimefungwa kwenye kipimo cha zamani kiitwacho Arc 1960, na GPS inatumia kipimo kingine, WGS 84. Nukta ile ile ya ardhi ina nambari mbili tofauti, na usipozibadilisha kwanza, utahamisha watu. Urefu nao una mtego wake. GPS haihesabu kutoka usawa wa bahari, inahesabu kutoka umbo la kihisabati la dunia, na huku kwetu umbo hilo linapita juu ya bahari kwa zaidi ya mita 20. Mtu asiyejua atasema Pwani yote imezama. Ukiwa na jengo ambalo orofa yake ya juu inabishaniwa na watu wa ndege, mita 20 si mchezo.

Serikali inalijua hili, ndiyo maana pana kazi ya kujenga mtandao mpya wa alama za savei uitwao KENREF, unaokubaliana na satelaiti. Ardhisasa nayo, iliyozinduliwa Nairobi Aprili 2021, inakusudia kuweka rekodi zote za ardhi mtandaoni. Hadi kazi hizo zitakapofika mtaani kwenu, modeli nzuri ya msanifu wenu haina pa kutua.

Wanaopenda kutoa mifano ya mbali hutaja Singapore, nami nitaitaja, lakini kwa jambo ambalo kwa kawaida halisemwi. Singapore ilianza kupokea maombi ya ujenzi kwa mtandao mapema miaka ya 2000, kwa mfumo wao wa CORENET. Kuanzia mwaka 2013 ikawalazimisha wasanifu wa majengo makubwa ya zaidi ya mita za mraba 20,000 kuleta modeli. Desemba 2023 ikazindua mfumo mpya, CORENET X, ambamo wote wanaohusika na mradi hufanya kazi kwenye modeli moja, na idara zote za serikali huitazama hiyo hiyo na kutoa jibu la pamoja, badala ya kila idara kumwita mwenye mradi kwa wakati wake. Hayo ndiyo yanayosifiwa. Kinachosahauliwa ni kwamba mwaka 2004, karibu miaka ishirini nyuma, walikuwa wameshabadilisha savei ya nchi nzima ikawa ya nambari, kila jiwe la mpaka lina nambari zake za mahali kwenye kipimo kimoja. Walianza na ardhi. Modeli za majengo zilipokuja zilikuta kitanda kimetandikwa.

Sisi tunataka kulala kwanza, kitanda baadaye.

Na kitanda cha Pwani kina vijiti vyake. Sehemu nyingi za nchi hii, mwenye ardhi ndiye mwenye nyumba. Huku kwetu kuna nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mtu mmoja, pengine ukoo ambao haujaonekana mtaani kwa miongo, na nyumba juu yake ni ya mwingine, analipa kodi ya kiwanja kila mwezi, anairithisha nyumba, anaiuza, lakini hana hati. Mizizi yake ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wadai ardhi zao mbele ya msajili, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wengi hawakusikia, au hawakuelewa, au waliona ni ajabu kumwandikia Mzungu kuwa shamba la babu ni la babu. Matokeo tunaishi nayo.

Nyumba ya shangazi ni ya aina hiyo. Kwenye rekodi ya ardhi yupo mwenye ploti, shangazi hayupo. Nyumba haipo. Kisima hakipo. Kwa hiyo aliyechora ule mchoro wa jirani hakusema uongo, kwa maana ya kisheria. Alichukua ramani ya mipaka, akaweka jengo la mteja wake, na pembeni kulikuwa na ploti ambayo kwenye rekodi haina kitu. Mfumo wa dijitali ukapokea weupe huo na kuupiga muhuri. Tungeuunganisha mfumo huo na Ardhisasa kesho asubuhi, weupe ungebaki ule ule, ila sasa ungeonekana una uhakika zaidi.

Hapa ndipo mfano wa Estonia unanivutia kuliko wa Singapore, ingawa kule kuna theluji na hakuna minazi. Estonia wana sajili ya majengo iliyo mbali na sajili ya ardhi. Kila jengo lina nambari yake yenyewe, na humo mna taarifa zake: matumizi, orofa, mwaka, vibali vilivyotolewa. Ardhi ina nambari yake. Vitu viwili vimeunganishwa, lakini kimoja hakimezi kingine. Wao hawakuifanya hivyo kwa ajili ya nyumba bila ardhi, lakini fikiria ingefaa vipi hapa. Nyumba ya shangazi ingekuwa na nambari kwa sababu imesimama, bila kusubiri mahakama iamue ardhi ni ya nani. Kusajili kuwa jengo lipo si sawa na kusema ni halali, na wanasheria watanisahihisha wakitaka, ila kompyuta inahitaji kujua kwanza kilichopo.

Kuna watakaosema haya ni ya matajiri. Programu za modeli ni ghali, na mtu anayejenga vyumba viwili Likoni au Mtwapa kwa pesa za chama hawezi kumlipa msanifu wa modeli. Nakubali. Hata Singapore hawakumlazimisha kila mtu. CORENET X ilianza kuwa ya lazima Oktoba 2025, na kwa miradi mipya ya mita za mraba 30,000 kwenda juu. Kwa hiyo wenye majumba ya orofa nyingi, mahoteli na maghala waanze wao, wana pesa. Kwa nyumba ndogo mimi ningeridhika na kidogo sana: pembe nne za nyumba zilizopimwa sawasawa, idadi ya orofa, mahali pa shimo la maji taka, na visima vyote vilivyo karibu, viwe vya nani. Fundi mwenye simu nzuri na mpimaji mmoja wa kumkagua wanaweza kuifanya kazi hiyo asubuhi moja.

Nasisitiza visima na mashimo kwa sababu ya mwamba wetu. Sehemu kubwa ya Pwani imekalia jiwe la matumbawe, lina vitobo kama sifongo. Maji yakiingia hapa hutokea pale. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la maji taka, na watu wengi bado wanateka visimani mabomba yanapokauka, ambayo ni mara nyingi. Shimo moja likiwekwa vibaya, linaloathirika ni duara zima la majirani. Hili ni swali ambalo kompyuta ingelijibu kwa sekunde, kupima umbali kati ya nukta mbili, kama nukta zote mbili zingekuwemo.

Kuna maswali ambayo haitayajibu. Kanuni za ujenzi tulizozitumia kwa miongo zilikuwa za mwaka 1968, na sasa tuna kanuni mpya za taifa za mwaka 2024. Ndani ya kanuni za aina hii kuna vifungu vya nambari, kama upana wa ngazi, na kuna vifungu vya hekima, vinavyosema kitu kiwe "cha kutosha" au "kinachofaa". Vya nambari mpe mashine. Vya hekima vinataka mtu aliyeenda akaona. Baraza la mlango wa nyumba ya Lamu, mji uliomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuliandikia hesabu. Faida ya mashine ni kumwondolea afisa kazi ya rula, apate muda wa kupanda bodaboda aende kwenye kiwanja.

Na muda ni jambo zito kuliko watu wanavyojua. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema mwombaji akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Nia yake ilikuwa nzuri, kuzuia mafaili kulaliwa. Lakini maana yake ni kwamba kimya cha afisi ni ndiyo. Ukiwa na maafisa wachache, mafaili mengi na ramani zenye weupe, kimya ni rahisi.

Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ilinyesha na jengo la orofa sita likaanguka kando ya mto. Zaidi ya watu 40 walikufa. Baadaye ikasemwa kuwa jengo hilo lilikuwa limeshatajwa miongoni mwa yale yaliyofaa kubomolewa. Mto ulikuwa unajulikana uko wapi. Jengo lilikuwa linaonekana na kila mpita njia. Taarifa zilikuwapo, kila moja kwenye meza yake.

Narudi kwa shangazi, kwa sababu najua mtaniuliza. Tuliandika barua, tukaambatanisha picha na vipimo. Kabla ya kuipeleka, nilimchukua yule kijana wetu, aliyewahi kuiweka nyumba baharini na ambaye sasa hukagua kipimo mara mbili, tukapita vichochoro vitatu na kuandika kila kisima na kila shimo. Akina mama walitufuata wakituonyesha vingine tusivyoviona, kimoja kikiwa chini ya kitanda cha mtu, kimefunikwa ubao. Tulipata visima kumi na tisa. Tukavichora juu ya ramani ya mipaka, kwenye kipimo sahihi, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ukaonekana una watu.

Tulipofika afisini, kijana aliyetupokea alikuwa na adabu. Alisoma barua, akaitazama ramani kwa muda mrefu, akasema ni kazi nzuri na kwamba mkaguzi atatumwa. Kisha akajaribu kuiingiza kwenye mfumo. Alitafuta. Kulikuwa na mahali pa mchoro wa msanifu, wa mhandisi, pa hati, pa risiti. Pa kitu kilicholetwa na jirani hapakuwa. Mwishowe aliipiga picha kwa simu yake, akaituma kwa mkubwa wake kwa WhatsApp, na ile karatasi akaiweka kwenye droo.

Mkaguzi alikuja wiki ya tatu. Shimo limesimamishwa, halijafukiwa. Shangazi anateka maji kwa jirani wa upande wa pili, na kila nikimpigia simu ananiuliza kama kisima chake kimeshaingia kwenye kompyuta.